Nguruwe wa Moto Mdogo

Jumapili, 1971

Bado nacheka peke yangu. Sisi Wasabato hatuli nguruwe, lakini leo nimemla kwa kina Nyakundi, rafiki yangu Mkatoliki, tena mpishi ni mimi, fundi wa Kebirigo nzima.

Nilipunguza moto ili harufu isivuke mto ikafika kwetu. Chungu kikakaa motoni toka asubuhi bila hata kutokota. Nilipokata nyama, ndani ilikuwa bado nyekundu. Nikataka kumeza hivyo hivyo.

"Rudisha, Msabato wewe," akasema Nyakundi. "Utafuga minyoo tumboni."

Basi tukachochea hadi nyama ikaachana na mfupa. Tamu, jamani.

Nyumbani ugali ukanishinda. Nikamwambia mama nimefunga kwa maombi.

Amefurahi mno. Kesho tunafunga naye, kutwa nzima.