Mtani wa Bibi Mwanaidi

Jumatatu, 4 Agosti

Madumu kumi na mawili ya maji kabla ya saa mbili. Mchanga umebaki kidogo. Plasta ya upande wa ndani imekauka vizuri, haina ufa. Mgongo unauma palepale.

Nilikuwa nakata mkonge Korogwe. Mgongo ulipokataa, mwaka juzi, nikaja huku Mazingara kumchanganyia saruji na rangi fundi Kanuti. Sasa anachora watu mashuhuri wa nchi hii kwenye ukuta wa shule. Nafasi ni nane, sita zimejaa. Mkimbiaji, daktari, mama wa bungeni, mwandishi wa vitabu, mcheza mpira, mchonga vinyago. Fundi ana picha za nyuso tu, kazikata kwenye kalenda. Viwiliwili hana. Kwa hiyo ananisimamisha mimi. Mkimbiaji ana miguu yangu. Mama wa bungeni ana mikono yangu, ila kucha kazisafisha.

Mchana nililala chini ya ukuta. Nikaota wote sita wameshuka, wamepanga foleni kisimani na madumu yao. Hakuna aliyempita mwenzake. Daktari aliniuliza mgongo umeanza lini. Nikamwambia, tangu mkonge. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekata mkonge.

Jumatano, 6 Agosti

Nafasi ya saba amepewa mwalimu mzee aliyefundisha nusu ya viongozi. Fundi alinivalisha koti lake nimwigize huyo mwalimu. Joto.

Jioni nilipita kwa Bibi Mwanaidi. Nikamwambia shikamoo. Akasema hapokei shikamoo ya mpagazi, niweke kwanza pembe za ndovu za bwana wangu chini. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzigua. Tumetaniana tangu wiki ya kwanza nilipofika. Mtani hakasiriki. Nikamwambia bada lake la muhogo linafaa kuzibia ufa wa ukuta. Akacheka mpaka akakohoa.

Nyumbani kwetu Urambo sijafika mwaka wa tisa. Hapa hakuna ndugu. Yupo huyu bibi wa kunitukana. Inatosha.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima, lakini tumefanya kazi nusu siku. Mwalimu mkuu amesema atapendekeza jina la Bibi Mwanaidi kwa nafasi ya nane. Aliwahi kuimba redioni, bendi za zamani. Jina lililotangazwa lilikuwa la mwenye bendi, lake halikutajwa. Picha hana. Kanda hana. Hapa kijijini wanajua aliondoka msichana, akarudi mtu mzima, basi.

Mimi najua zaidi. Mama alikuwa na ule wimbo. Tukifunga majani ya tumbaku kwenye fito, yeye anaimba, sisi watoto tunamwitikia. Mvua ina miguu mirefu, imepita kwa jirani, nami nimeosha mitungi, imebaki inaniangalia. Tuliupata redioni. Hatukuwahi kujua ni nani anaimba. Niliposikia Bibi anauvuta taratibu huku anapepeta, mwaka juzi, sauti ileile ya redioni, nilikaa chini kwenye vumbi.

Sijawahi kumwambia. Utamtaniaje mtu ambaye wimbo wake umekuliza?

Jumamosi, 9 Agosti

Kamati ya ukuta ilikuja. Mwenyekiti ni Dada Neema, ana duka la vifaa vya shule Korogwe, ndiye aliyetoa rangi. Amekulia Dar. Mtu wa kalamu. Mkutano ulifanyika palepale ukutani, mimi niko juu ya jukwaa nasugua.

Dada Neema akauliza nani anaweza kuthibitisha kwamba bibi huyu aliimba. Bibi alikuwa amekaa mbele, kajifunga kanga mpya. Watu wakatazamana. Mimi huku juu nikapayuka, "Huyu? Huyu hajaimba maisha yake. Nilimsikia siku moja, ng'ombe wa Wamasai wakakata kamba."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Bibi alicheka kuliko wote. Akanijibu, "Shuka huko, mpagazi, mzigo wako unakusubiri." Ilikuwa siku nzuri.

Jumatatu, 11 Agosti

Orodha imeletwa. Nafasi ya nane ni bondia.

Mwalimu mkuu alinisomea maelezo yaliyoandikwa chini. Kwamba mwanakijiji mmoja, fundi wa ukuta, amekanusha mbele ya mkutano na hakuna aliyempinga. Mwanakijiji huyo ni mimi. Nasalimia Kizigua, nimeungua jua la hapa, Dada Neema alidhani mimi ni mtu wa hapa. Hakujua ni mtani. Na hakuna aliyempinga mtani, maana nani humpinga mtani?

Sikula mchana.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Bibi. Nikasema shikamoo. Akasema, "Marahaba, baba. Karibu kiti."

Akaniletea maji kwenye bilauri, akashika kwa mikono miwili. Akaniuliza habari za kazi. Akasema Mungu akipenda mvua itanyesha. Sikutukanwa hata neno moja. Afadhali angenipiga na mwiko.

Jumatano, 13 Agosti

Bondia ameanzwa. Nimesimama kwa kiwiliwili chake, ngumi zimekunjwa, saa nzima. Fundi anasema sijui kukaza uso. Nikamwambia sina ninayempiga.

Mchana nikaota tena. Wale saba wamekaa kwenye mkeka, wamesogeleana, wameacha nafasi ya mtu mmoja. Mcheza mpira akapiga mkeka kwa kiganja, kama unavyomwita mtu akae. Nikatazama nyuma yangu kuona anamwita nani. Vumbi tupu. Kwa mbali mwanamke anapepeta, simwoni uso. Niliamka na mchanga mdomoni.

Nimemwomba fundi ruhusa ya kesho. Akasema bondia atasubiri, ana picha ya mkanda wake.

Alhamisi, 14 Agosti

Bodaboda mpaka Mkata, kisha basi la Korogwe. Basi lilipita kwenye mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka. Nikayakuta macho yangu yanahesabu mistari kama zamani. Nikaangalia upande mwingine.

Duka lilikuwa limejaa. Dada Neema alinikumbuka. Nikamweleza utani. Kwamba mimi ni Mnyamwezi na yule ni Mzigua. Kwamba nikimsifia mtani wangu mbele za watu nitakuwa nimemkosea adabu. Alisikiliza. Si mtu mbaya. Akasema, "Kaka yangu, Jumamosi ulisema hakuimba. Leo unasema aliimba. Mimi niandike lipi?" Akataka kanda, au barua, au mtu asiye wa kijijini.

Nikasema mtu asiye wa kijijini ni mimi. Tuliupata wimbo wake Urambo, kwenye tumbaku. Akasema sawa, wimbo upi?

Sijui kuimba. Sauti yangu ni ya kuita mbuzi. Lakini nilikuwa nimeshapanda basi. Nikaanza, naangalia sakafu. Mvua ina miguu mirefu. Imepita kwa jirani. Watu wakageuka. Mstari uliofuata ukanipotea.

Dada anayetoa kopi, yuko kwenye mashine yake na vitambulisho vya watu, hakuinua kichwa. Akamalizia. Nami nimeosha mitungi. Kisha mwanamume mmoja kwenye foleni, ana sare ya reli, akaimba mstari wa mitungi kuangalia, kwa sauti nzito, polepole. Yule dada akacheka, akasema mama yake kule Newala alikuwa akiwabembeleza kwa huo. Yule wa reli akasema yeye ni wa Kigoma, waliuimba kwenye mtumbwi. Wakaanza kubishana mstari wa pili unaendaje. Hakuna aliyejua mwimbaji ni nani.

Dada Neema alikuwa ameshika kalamu. Hakuandika. Akamuuliza yule dada, una uhakika? Akajibiwa, "Bosi, hata wewe unajua. Juzi uliuimba chini chini hapo ukifunga madaftari."

Nikamwambia sauti ile ya redioni nimeisikia Mazingara, kwa bibi yule. Dada Neema akaniuliza jina la bibi, lote, na ukoo wake. Nikamtajia. Akaandika taratibu.

Bondia hawezi kufutwa, alisema. Kamati imeshasaini. Lakini ukuta una kona.

Ijumaa, 15 Agosti

Upande wa kona hauna plasta. Nimeupiga peke yangu, asubuhi mpaka alasiri, ndoo kwa ndoo. Unatazama barabara ya kisimani. Wanafunzi hawatauona wakiwa wamepanga mstari. Wanawake wanaokwenda kuteka maji watauona kila siku.

Sikumwambia Bibi. Niliogopa atanishukuru.

Jumanne, 19 Agosti

Plasta imekauka. Fundi hana kalenda ya kukata, akaenda kumchora Bibi kwake, kwa penseli, amekaa kwenye kigoda. Akarudi akaniita nisimame kwa kiwiliwili. Nikakataa. Nikamwambia huyu mwili anao wake, kauone. Akaenda tena. Mara tatu. Fundi ana subira nikimlazimisha.

Jumamosi, 23 Agosti

Imeisha. Bibi Mwanaidi, mwimbaji. Herufi za jina nilizijaza mimi, fundi alichora mistari. Niliachia shule darasa la tano lakini herufi za mtu zinataka mkono tu.

Alikuja na ndoo yake kichwani, njia ya kisimani. Watu walikuwa wachache. Akaitua ndoo. Akautazama ukuta muda mrefu, akasogea, akarudi nyuma. Mimi nilikuwa naosha brashi. Sikuinua uso.

"Kanuti," akasema, "pua hii ni ya Kinyamwezi. Nani amekuruhusu kunibandika pua ya wapagazi?"

Fundi akasema pua ni yake mwenyewe. Bibi akasema si kweli, ameiona pua kama hii kwa mtu mmoja anayepaka udongo ukutani na kusema ni kazi. Watu wamwangalie, hata kuosha brashi hajui, anaikamua kama anakamua nyoka.

Nikasema kama pua haimtoshi tutaifuta, tumwekee ya punda, italingana na sauti.

Akabeba ndoo yake, akaenda zake.

Jumapili, 24 Agosti

Hakuna kazi. Jua kali, upepo kidogo. Nimelala kivulini upande wa kona. Wanawake wawili walipita na ndoo, wakasimama, mmoja akasoma jina kwa sauti, herufi moja moja. Wakaendelea na safari. Niliwasikia mpaka kwenye mteremko. Walikuwa wanaimba, mstari wa pili wameukosea.