Mikoko Uliyoikata kwa Jina Langu

Mdogo wangu Elineema,

Salamu za nyumbani utazipata kwa mama. Mimi sina za kukutumia.

Unakumbuka mwaka ule watu walipokata miti juu ya mfereji wetu hapa Mwika? Maji yalikauka, migomba ikanyauka, na baba akasimama kwenye kikao cha kijiji akitetemeka kwa hasira. Ulikuwa umekaa ubavuni pangu. Ulininong'oneza, "Dada, mimi nikiwa mkubwa sitafanya ujinga kama huu." Nilikuamini.

Ndiyo maana uliponiita Pemba baada ya msimu wa kahawa, nilikuja na moyo mweupe. Ulikuwa msimamizi wa ujenzi wa hoteli, umenenepa, unavaa miwani ya jua hadi ndani ya nyumba. Ulinitafutia chumba kwa Bi Time, mjane anayelima mwani. Siku ya kwanza alitupikia pweza, nikaogopa hata kumgusa, ukacheka mpaka ukalia. Siku ile nilikupenda sana. Nakuandikia hili ili ujue ulichokichezea.

Bi Time alinipa kanga, akanipeleka baharini maji yalipokupwa, akanifundisha kufunga mwani kwenye kamba. Karafuu zake zilipokomaa, tulizichambua pamoja barazani; mikono iliyozoea kahawa haikupata shida. Akanionyesha mikoko iliyosimama kati ya bahari na bonde lao la mpunga. "Hii ndiyo inayotuzuilia chumvi," alisema. "Ikiondoka hii, hatuli."

Wanawake wa pale hawakukutaka wewe wala hoteli yako. Ukaitisha mkutano, ukaahidi mikoko haitaguswa, ukanishika mkono, ukanisimamisha mbele yao.

"Huyu ni dada yangu, mkulima kama nyie. Muulizeni kama mimi ni mwongo."

Nami, mjinga, nikasema, "Nimemlea kwa mgongo wangu. Akisema mikoko haiguswi, haiguswi."

Walikubali. Walikubali kwa sababu yangu, Elineema, na wewe ulilijua hilo kabla hujanikatia tiketi.

Sikuwa nimemaliza hata mwezi tangu nirudi Mwika, Bi Time akanipigia. "Manka, mashine zimeingia mikokoni." Hakunilaumu. Alilia tu. Nikakupigia wewe, na maneno yako ninayo mpaka leo: "Dada, ile ni miti ya matope. Wageni wanataka kuiona bahari. Wewe shughulika na migomba yako."

Matope yakafunika mwani wao. Kaa wakapotea. Masika yalipofika, bahari ilipanda hadi bondeni, na mpunga ukageuka njano ungali mchanga. Binti wa Bi Time amehama na watoto kwenda kutafuta kibarua Unguja. Wewe ulituma picha ya bwawa la kuogelea kwenye kundi la ukoo, shangazi wakakupongeza.

Sasa umefukuzwa kazi, ujenzi umesimamishwa, na unawapigia ndugu wote ukiuliza nani aliyekusaliti. Nasikia umeamua ni Hamadi, yule karani wako, na umemtukana mbele ya mke wake, umeapa hatapata kazi popote.

Mwache Hamadi. Ni mimi.

Nilimwambia mama naenda Moshi mjini hospitali. Nikaenda Pemba. Nilisimama mbele ya sheha, kiongozi wa pale, na wale wanawake, palepale uliponisimamisha wewe, nikasema: "Mdogo wangu aliahidi, mimi nikamdhamini, na alikuwa anadanganya." Nikaandika, nikatia sahihi, na sheha akaupeleka ushahidi wangu wilayani. Sikutetemeka. Baadaye nilikaa siku tano nao tukipanda miche ya mikoko, matope hadi magotini. Itachukua miaka, na bonde lile bado halioti kitu.

Mama anataka nikuombe radhi kwa sababu wewe ndiye mwanamume pekee tuliyebaki naye. Nimemkatalia. Ananinunia.

Usinipigie simu. Wala usije kukaa kwenye kihamba cha baba, chini ya migomba yetu, ukinywa pombe ya mbege kana kwamba umeonewa. Nenda kwanza kwa Bi Time, umwamkie, ukae chini, umweleze mwenyewe kwa mdomo wako ulichomfanyia. Akikusamehe au akikufukuza, hayo ni yake. Ukishatoka kwake, njia ya kwetu unaijua.

Mpaka siku hiyo, kwaheri.

Mimi dada yako, niliyekubeba.