Karani Alikuwa Kanisani

Likasi, Ijumaa, Novemba 1994. Mvua tangu asubuhi, na minye naandika kwa hasira. Daftari, vumilia mwandiko.

Leo nilikuwa tribunal, pale mahakamani. Mkuu wa shule ametaka kila mwalimu alete casier judiciaire, ile karatasi ya mahakama inayosema kama mtu alishawahi kuhukumiwa ao hapana. Bila hiyo, Jumatatu hakuna kuingia darasani. Kufundisha watoto, anasema, kunataka mtu safi.

Safi! Walimu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani na kupakiwa kwenye mabehewa ya treni, darasa la kwanza lilibaki bila mtu. Siku ile hakuna aliyeniuliza habari ya usafi. Waliniita kutoka sokoni, nikaacha mihogo yangu kwa dada, nikaja. Sasa ni mwaka wa pili. Watoto hamsini na wawili, wanakaa juu ya matofali, na karibu wote wanajua kusoma.

Niliiba, ndiyo. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilishikwa na waya wa shaba wa kampuni ya migodi, nimeuzungusha kiunoni chini ya kitenge. Nikahukumiwa, nikakaa gereza la Buluo miezi minane. Sikatai. Sijawahi kukataa.

Na hapo ndipo nilipojikaanga.

Karani wa tribunal ni Papa Dieudonné, mzee wa kanisa letu. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaeleza kwamba rejista za miaka ile zilibebwa wakati wa pillage, mji mzima ulipoporwa, pamoja na meza na vioo vya madirisha. Jina langu haliko popote, na mtu asiyeonekana kwenye rejista anapewa karatasi safi. Moyo wangu uliruka. Akashika kalamu, akaandika jina langu la kwanza. Halafu akaiweka chini.

"Mama Béa, minye nilikusikia," alisema. "Weye mwenyewe ulisema mbele ya kanisa."

Ushuhuda wangu. Mwaka jana, siku ya Pasaka, umeme haupo, kipaza sauti kimeunganishwa na betri ya gari, nilisimama nikaeleza yote: waya, pingu, Buluo. Watu walilia, wakapiga makofi. Papa Dieudonné alisema Amina kwa sauti kuliko wote. Alinishika mikono akasema damu ya Yesu imefuta.

Imefuta wapi?

Eti dhamiri yake haimruhusu kuandika uongo. Niombe mahakama inirudishie haki zangu, lakini kwa hilo wanataka nakala ya hukumu. Nakala ilikuwa pamoja na rejista. Rejista zilibebwa. Nikamuuliza sasa nifanye nini, akasema tuombe. Akafumba macho palepale na kuanza kuomba, minye nikimtazama tu.

Dhamiri! Wakati wa pillage nilimwona kwa macho yangu akisukuma friji mpya juu ya mkokoteni, mke wake nyuma ameshikilia mlango usifunguke. Mpaka leo umeme wa bwawa la Koni ukirudi wanauza maji baridi kwenye vifuko. Yeye hana hukumu. Mtaa mzima hauna hukumu. Mwizi ni minye peke yangu, kwa sababu nilisema.

Niandike na hili, hata kama ni baya. Nikirudi nyumbani, nimelowa mpaka kwenye mifupa, nilijuta ushuhuda kuliko nilivyowahi kujuta wizi. Ningenyamaza, leo ningekuwa na karatasi mkononi. Mungu anisamehe, lakini ndivyo ninavyojisikia.

Naogopa pia. Sina kazi nyingine ninayoipenda hivi.

Jumatatu nitaenda. Bila karatasi. Nitaandika tarehe ubaoni na nitaanza somo. Anayetaka kunitoa aingie, na kabla sijatoka awaambie wale watoto ni nani atakayewafundisha Jumanne.