Tiki Nne za Jumanne

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, naomba msaada. Mimi napokea simu za malalamiko katika kampuni inayouza friji, na sasa wanatafuta mtu wa meza ya wateja wa nje, ambako lazima uongee Kiingereza cha watu na si cha darasani, basi msimamizi akatugawia kadi ya misemo ya kusikiliza, "hear you out" unapomwachia mtu aseme mpaka amalize, "listen out for" unapotega sikio kungojea kitu, na kila ukitumia mmoja unajiwekea tiki kwenye siku yake, nami nikaona mazoezi niyafanyie nyumbani kwa mume wangu, ambaye ni fundi wa mashine za kupasulia mbao na si mtu wa maneno mengi, akianza tu kusema namtupia msemo, naweka tiki, na nilikuwa naendelea vizuri. Jumapili wifi yangu akanikuta jikoni akaniuliza, "Hilo sikio la kaka mmeamuaje?" nikamwuliza sikio gani, akanitazama, akasema, "La kushoto. Daktari kasema halirudi tena, na la kulia nalo limeanza. Si alikwambia Jumanne?" Nikaenda kuangalia kadi. Jumanne nina tiki nne. Tangu hapo nimemwomba msamaha mara mbili, anasema yameisha, lakini haniambii kitu zaidi ya kuuliza chumvi iko wapi, na usaili ni Alhamisi, sasa je, niache mazoezi au nitafute mtu mwingine wa kufanya naye?

Mpokea Simu

Mpokea Simu, marahaba. Pole yangu ya kwanza ni ya mumeo, maana katika barua yako yote sijaona ulipompa. Mtu ametoka kwa daktari na habari nzito, amekusanya maneno ambayo kwa kawaida hana, nawe ukamwekea tiki. Halafu unaniuliza habari za mazoezi. Una moyo wewe.

Na hiyo misemo hujaijua bado. Huo wa kwanza husemwa mara moja, mwanzoni, kisha msemaji anafunga mdomo. Ukiusema mara nne, umemkatiza mtu mara nne. Huo wa kutega sikio ulitakiwa uufanye Jumanne, mlango ulipofunguliwa. Nakuelewa, kazi unaitaka na si dhambi, ila "yameisha" ya mume mkimya usiichukulie kama ya mteja aliyekata simu.

Kadi iache kazini. Leo akirudi zima redio, mwambie, "Nieleze ya Jumanne, tangu mwanzo," kisha usitie neno kwa lugha yoyote, hata akinyamaza katikati ukaona aibu. Kesho omba ruhusa, mwende pamoja kwa daktari mkaulizie hilo la kulia. Alhamisi nenda kwenye usaili wako, sikukatazi.

Na leo unapokaa naye, kaa upande wake wa kulia.