Vyura wa Mwikali

Manga, Jumatatu

Kwa wifi yangu Mwikali,

Huku tu wazima, isipokuwa Mama. Boksi lako limefika kutoka Mombasa. Nilidhani ni dawa, kumbe ni vyura wa uzi, wamejaa hadi juu, pamoja na kofia za kuvalisha mayai. Wifi, mayai ya huku huliwa bila kofia.

Niliingia katika kundi lenu la wafumaji la Facebook ili nione ni watu gani humsifu chura. Ni watu wazima. Uliandika kwamba kila chura ulimfuma kwa saa moja, wanawake mia mbili wakakutumia mioyo, na mmoja akasema una subira. Subira ya saa moja. Mama alifuma vitambaa vya viti vyote vya nyumba hii mwaka mzima, huku akichuma chai, na hakuna aliyempigia makofi.

Wiki iliyopita daktari alituambia turudi na Mama nyumbani. Mumeo, kaka Machogu, atakueleza maana yake, siku atakayoshika simu yangu.

Mama anasikia baridi. Basi niliwafumua vyura wako wote, pamoja na sweta langu kuukuu, nikaanza blanketi. Alipouliza ni kazi ya nani nilisema ni yako, maana habari ya vyura ingemchosha. Sasa kila asubuhi anauliza Mwikali atalimaliza lini. Linaanzia kifuani na kuishia magotini, na uzi umekwisha.

Lete uzi, wifi. Usiutume.

Mokeira