Rangi Iliyopotea Kilimani

4 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na magoti yamepunguza ukorofi. Mimi mzima, ila nimeungua jua hadi dereva wetu ananiita Makaa. Huko kwako nyuma ya kilima simu haishiki, kwa hiyo barua nampa mtu wa gari la maziwa akuletee.

Uliuliza napima nini ilhali mgodi umefungwa. Ni kweli, shimo limefukiwa, nyasi zimepandwa, na mgeni akipita hatajua kwamba hapa palichimbwa makaa ya mawe. Lakini chini hakujatulia. Zamani pampu zilivuta maji nje bila kupumzika. Tangu zizimwe, maji yanapanda tena ndani ya kilima, yakipenya kwenye mawe yaliyovunjwavunjwa, na hatujui yatatokea wapi. Kila wiki nateremsha utepe kwenye visima vyembamba vya kupimia. Ukigusa maji, unalia kama kifaranga. Halafu najaza chupa kijitoni, upande huu tunaodhani maji yanateremkia.

Jana tulimwaga rangi katika kisima cha juu kabisa. Unga wake unafanana na vumbi la matofali, lakini ukiingia majini unakuwa kijani kinachong'aa. Haidhuru mtu. Sasa tunasubiri itokee kijitoni. Mkuu wangu anasema ni suala la wiki mbili. Mimi hata chakula hakipiti kwa hamu ya kujua.

Mwanao,
Bi Maswali


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, magoti ndiyo yana mambo yao. Kazi ya udobi inaendelea. Mashuka ya zahanati yanakuja marundo kwa marundo, na chemchemi yetu haijanitupa.

Nimesoma barua yako mara mbili. Yaani serikali imekusomesha miaka yote ile ili umwage rangi shimoni na kukaa ukiisubiri? Nacheka tu. Lakini niambie, rangi inajuaje njia? Na kama maji yakigawanyika, yenyewe inafuata yapi? Imeshatoka? Usile hamu, kula chakula.

Mama yako mdogo


12 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Umekaa kimya tangu ile barua fupi ya Aprili, uliposema rangi haikutokea kijitoni na mkuu wako ameamua kwamba imemezwa na ardhi. Natumaini si ugonjwa.

Nakuandikia mikono ikiwa bado na maji. Leo asubuhi nimeloweka mashuka ya zahanati kama kawaida. Niliona maji yana ukijani kidogo, nikadhani ni majani. Nilipotia sabuni, kijani kikazidi, kikang'aa kama macho ya paka. Mama Pacha, jirani yangu, alikuja na ndoo yake akasimama, akaniuliza, "Dada, umeua nini humo?" Nikamwambia mimi sijaua kitu, labda mwanangu.

Nimeyaanika juani, na kufikia alasiri mengi yamerudi meupe. Kwa nini jua linaila rangi yako?

Ni yako, au si yako? Kati yangu na hicho kisima chako pana kilima kizima.

Mama yako mdogo


30 Juni

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini umepumzika tangu nilipokuja kuchota maji yenu nikaondoka. Samahani kwa kukuacha na beseni lililojaa chupa zangu.

Rangi ni yetu. Nilipomwonyesha mkuu wangu chupa ya maji yenu, aliifungua ramani na kuigeuza juu chini. Kumbe maji ya mgodi hayateremkii upande wetu hata kidogo. Yanapita kwenye ufa wa mwamba na kutokea kwako. Miezi yote hiyo nilikuwa napima kijito kisichohusika.

Majibu ya maabara yamefika. Maji ya bwawa la chemchemi yenu yana madini ya chuma na manganizi kupita kiwango cha kunywa. Uliniambia mashuka yameanza kuwa na umanjano, ukalaumu sabuni. Sabuni haina kosa. Mtu mzima akinywa kidogo haanguki, lakini Mama Pacha anawakorogea wanawe maziwa kwa maji hayo, na watoto wachanga ndio wasiotakiwa kabisa kuyapata.

Ripoti nimeipeleka leo. Ofisi ya maji itakuja kuweka kibao cha kuwakataza watu maji hayo.

Kuhusu jua, ni kweli linaivunja rangi ile. Umeona jambo ambalo mimi nilifundishwa darasani.

Mwanao


21 Julai

Mwanangu,

Salama. Kibao kimewekwa. Zahanati wamechukua mashuka yao, hata yale niliyokuwa sijayapiga pasi. Mama Pacha anakwenda kuteka maji barabarani na mgongo wake ule mbovu.

Sisemi umekosea. Nasema ulikaa mezani kwangu, ukala, ukaniaga, kisha nikasoma kwenye kibao jambo ambalo barua yako ililileta siku mbili baadaye. Mimi ndiye niliyekulea. Ungeanza na mimi.

Mama yako mdogo


15 Agosti

Mama Mdogo,

Shikamoo. U mzima? Mtu wa maziwa anasema hana barua yangu, na nimemuuliza hadi sasa anaanza kuniambia kabla sijafungua mdomo.

Ningeipeleka ripoti hata kama ungenikataza, na hilo ndilo lililonifanya nisikuulize. Lakini kukuambia kwanza ningeweza. Nakubali.

Mwanao


3 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako niliipata. Nilikuwa na hasira, na hasira haina kalamu.

Sasa sina kazi, basi nakaa pale chemchemini. Unajua, miaka yote hii sikuwahi kuyaangalia maji. Nilikuwa nayatumia tu. Wiki ya tatu ndipo nikaona kwamba maji yanaingia bwawani kwa macho mawili. Moja liko chini, kati ya mawe, ndilo kubwa. La pili liko juu kidogo, limefunikwa na majani, linadondoka tu. Mvua ikinyesha, la chini halishtuki. La juu linavimba baada ya siku kadhaa. Nikajiuliza, kama ni maji mamoja, mbona hayana tabia moja?

Nikafunga kitambaa cheupe kwenye kila jicho. Cha chini kimeshika kutu. Cha juu bado cheupe. Nimewaonyesha watu, kila mmoja ana maelezo yake, na mimi sina. Ndiyo maana nakuandikia. Inawezekana haya mawili si ndugu?

Mama yako mdogo


28 Oktoba

Mama Mdogo,

Shikamoo, na asante kwa kuniandikia.

Si ndugu. Sisi tulichota bwawani, yalipokwisha kuchanganyika, ndiyo maana hatukuliona. Nimepima chupa za kila jicho ulizompa mtu wa maziwa aniletee, kisha nikaja kupima mwenyewe siku ile ulipokuwa mjini. Jicho la chini ni maji ya mgodi. La juu ni maji safi kabisa, hata watoto wa Mama Pacha wanaweza kunywa. Ofisi imekubali kuvuta bomba kutoka pale. Hayatatosha udobi, sitakudanganya, ila kunywa na kupika yatatosha. Na itabidi yapimwe kila mwezi, kwa sababu maji ya kilima bado yanapanda.

Uliuliza pia, katika salamu ulizompa mtu wa maziwa: hilo la juu linatoka wapi? Nimemuuliza mkuu wangu, naye akanigeuzia swali. Hatujui. Pale juu hatuna hata kisima kimoja. Jumamosi ya pili ya Novemba napanda kutafuta.

Mwanao,
Bi Maswali


5 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamekubali, nimeyauliza.

Zahanati wameniomba niwe nachota chupa zako za kila mwezi na kulinda jicho lile lisichafuliwe. Si kazi ya udobi, lakini ni kazi.

Huku kumeshakuwa na kambi mbili. Mama Pacha anasema maji yanatoka msituni. Mimi nasema ni lile bonde lenye ukoka ambao haukauki hata kiangazi, na mpaka sasa hakuna aliyeweza kunitoa hapo.

Jumamosi usije nyumbani, hutanikuta. Nitakuwa juu, nimekaa kwenye ukoka huo, nakusubiri.

Mama yako mdogo