Mtandao Unaopatikana Kaburini kwa Mzee Erisa

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA SHULE YA MSINGI KYABIHUNGA, BWERA

Tarehe: Ijumaa, 10 Juni 2016
Mahali: Darasa la sita

Waliohudhuria: Bw. Yonasani Bwambale (Mwenyekiti), Mwl. Bright Mumbere (mwalimu wa kompyuta), Bw. Kataliko (mwakilishi wa wazazi waliotoka Butembo), Bi. Gorret Masika (Katibu).
Asiyekuwepo: Mwalimu Mkuu. Alituma taarifa kwamba yuko Kasese. Katibu alimwona sokoni Bwera.
Aliyeingia bila kualikwa: Mama Eseri, mjane wa Mzee Erisa na mama mzazi wa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 1/6/2016: KUFUNGUA
Kikao kiliitwa saa nane, kikaanza saa tisa na nusu, kwa sababu Mwenyekiti alikuwa bado anafukuza wanafunzi waliopanda kaburini kwa baba yake siku isiyo ya somo.

KUMB. NA. 2/6/2016: MALALAMIKO YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alieleza kwamba kila Jumanne darasa la sita hupanda hadi kwa mama yake na kukaa juu ya kaburi la baba yake, tableti mikononi. Alisema wiki jana alikuta ganda la ndizi upande wa kichwa. Aliuliza kama heshima imekwisha duniani.

Mwl. Bright alijibu kwamba hapa shuleni modemu hushika mnara wa simu wa Congo, ng'ambo ya mpaka, na kumaliza vocha kabla ukurasa haujafunguka. Walijaribu nyuma ya choo na juu ya paa la jiko bila mafanikio. Pale kaburini tu ndipo panafunguka. Alikumbusha kwamba wafadhili waliotoa tableti watakuja tarehe 30, na wakikuta hakuna masomo, tableti zote ishirini zitapelekwa shule nyingine huko Hima.

Bw. Kataliko alitoa pendekezo: "Rezo, ile mtandao, haiwezi kuhama. Muzee anaweza." Mwenyekiti aliomba iandikwe kwamba amesikia. Imeandikwa.

KUMB. NA. 3/6/2016: MANENO YA MAMA ESERI
Mama Eseri aliingia, akaonyeshwa benchi, akakataa kukaa. Alimwambia Mwenyekiti: "Yonasani, huyu alikuwa bwana yangu mbele ya kuwa baba yako. Toka tumuzike, wewe unakuja Krismasi, unakata majani, unaenda. Sasa mimi iko na watoto kila Jumanne. Wananiita jaja, bibi yao. Wakae. Lakini wasome kwa sauti. Mzee alipenda habari, na betri ya redio iliisha mbele yeye afe. Hakuna mtu alileta ingine."

Mwenyekiti alikohoa, akauliza kama kuna ajenda nyingine. Haikuwepo.

KUMB. NA. 4/6/2016: MAAZIMIO
Masomo yaendelee kaburini. Viatu vivuliwe, wanafunzi wasome kwa sauti, na ndizi ziliwe njiani. Wajumbe watatu waliunga mkono. Mwenyekiti alisema anahitaji muda wa kufikiri. Mama Eseri alisema yeye hana haraka. Mwenyekiti alinyoosha mkono baada ya dakika ishirini.

KUMB. NA. 5/6/2016: KUFUNGA
Wajumbe wakiwa wameshasimama, Mwenyekiti alimuuliza Mwl. Bright kwa sauti ndogo Jumanne watasoma nini. Alijibiwa kwamba watasoma kuhusu volkano. Mwenyekiti alisema baba yake hakuwa mtu wa volkano, alikuwa mtu wa mpira. Ilikubaliwa kwamba kabla ya somo yasomwe matokeo ya mpira, na Mwenyekiti atakuja kuyasoma mwenyewe.

Watu walitawanyika saa kumi na moja jioni.

Yonasani Bwambale, Mwenyekiti ..................
Gorret Masika, Katibu ..................